Sahani Peke Yake Haitamkinga: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kilifi

Mheshimiwa Waziri, na waheshimiwa wanachama wa Kamati ya Afya katika Bunge la Kaunti,

Nawaandikia kutoka Marereni, huku kwenye mashamba ya chumvi, kuhusu chakula cha wanawake na saratani ya matiti. Ushauri unaomfikia mwanamke wa huku kuhusu ugonjwa huu, uwe umetoka redioni, kwenye simu au katika kikao cha chama cha akina mama, mara nyingi ni ushauri wa sahani: punguza sukari, wacha nyama, ongeza mboga, kunywa juisi ya tunda fulani au maji ya majani fulani. Sehemu ya ushauri huo ni kweli na sehemu nyingine haina msingi. Na hata ile iliyo kweli hutolewa bila kipimo, kana kwamba mwenye kula vizuri amekwisha kujikinga. Chakula kina fungu lake katika hatari ya saratani ya matiti, lakini fungu hilo ni dogo kuliko linavyosemwa. Kaunti ina wajibu wa kuwaambia wanawake ukubwa wake halisi, kisha ipeleke nguvu zake pale vifo vinapoweza kupunguzwa kwa wingi zaidi, nako ni kuugundua uvimbe ukingali mdogo na kumfikisha mgonjwa kwenye tiba.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 wanawake wapatao 6,800 waligunduliwa na saratani ya matiti nchini Kenya, na zaidi ya 3,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Kwa kila wagonjwa wapya wawili, basi, kuna kifo kimoja au karibu na hapo. Nchini Marekani, kwa makadirio hayo hayo, kifo ni kimoja kwa wagonjwa wapya sita hivi. Wanawake wa Marekani wanaupata ugonjwa huu mara nyingi zaidi kuliko wetu, na wanaishi kwenye chakula, vinywaji na unene ambao kila mtaalamu wa lishe angeulaumu. Ikiwa sahani ndiyo inayoamua nani afe, sisi wa sima, kunde na mchunga tungepaswa kuwa salama kuliko wao. Sivyo ilivyo. Mwanamke wa huku ana nafasi ndogo ya kuupata ugonjwa, lakini akishaupata ana nafasi kubwa zaidi ya kufa nao, na tofauti hiyo haikuletwa na chakula.

Hata hivyo sisemi kwamba chakula hakina uzito. Ushahidi kwamba maisha ya mtu, na si damu ya ukoo wake pekee, huchangia ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Wanawake wa Japani waliugua saratani ya matiti kwa nadra sana, lakini koo zilizohamia Hawaii na California zilianza kuikaribia hali ya wenyeji wa huko kadiri vizazi vilivyopita. Damu ya watu hao haikubadilika kwa vizazi viwili, ila mazingira yao yalibadilika. Ndiyo sababu watafiti walitumia miaka mingi kutafuta ni kitu gani hasa kwenye sahani kilichohusika, na ya kwanza kushukiwa yalikuwa mafuta. Nchini Marekani wanawake 48,835 waliopita umri wa hedhi waligawanywa kwa kura: wengine waliendelea na chakula chao, wengine wakafundishwa kupunguza mafuta na kuongeza matunda, mboga na nafaka. Baada ya miaka minane hivi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopunguza mafuta waliugua kwa asilimia 9 pungufu, tofauti ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka 20, vifo vilivyotokana na saratani ya matiti vilikuwa vimepungua kwa karibu asilimia 20 katika kundi lile. Ni faida ya kweli, nami sitaki kuidharau. Lakini ilipatikana kwa wanawake waliokuwa na mafuta mengi ya kupunguza, waliosimamiwa na wataalamu wa lishe kwa miaka, na waliotibiwa mara moja walipougua. Hilo la mwisho tulikumbuke tunapotaka kuleta matokeo hayo Marereni.

Ukiyachuja yote yaliyochunguzwa duniani, mambo yanayobaki yakiwa na ushahidi mzito ni machache: pombe, unene baada ya hedhi kukoma, na kunyonyesha. Nianze na pombe, kwa sababu ndiyo inayosemwa kwa uchache zaidi. Tangu mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linaihesabu miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani ya matiti. Uchambuzi uliounganisha tafiti 53, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kila gramu 10 za pombe kwa siku huongeza hatari kwa asilimia 7 hivi. Katika nchi tajiri ambako tafiti hizo nyingi zilifanyika, kati ya wanawake 100 wasiokunywa, karibu 9 hupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80. Wakinywa vinywaji vinne kila siku, wanakuwa karibu 12. Sasa tuulete mnazi, pombe yetu ya huku. Nusu lita ya kinywaji chenye asilimia 4 ya pombe ina gramu 16 hivi. Mnazi wenyewe hauna lebo: uliogemwa alfajiri ni mtamu, lakini unaendelea kuchachuka ndani ya chupa, na uleule ukinywewa jioni mangweni ni mkali zaidi. Mwanamke anayekunywa kidogo kila siku hana njia ya kujua amekunywa gramu ngapi. Anachoweza kujua, akiambiwa, ni kwamba hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kwa titi, na kwamba kila anachopunguza kinamsaidia.

Najua litakalosemwa hapa. Mnazi ni ada. Haukosekani kwenye mahari, matanga na tambiko, na kuna nyumba nyingi za Magarini, kaunti yetu ndogo, ambazo karo ya watoto hutoka kwa mgema. Kuuhusisha na saratani ni kuingiza mkono kwenye riziki za watu. Jibu langu ni kwamba siombi marufuku. Marufuku yamejaribiwa mara nyingi na mzigo wake umeangukia wauzaji wadogo, wengi wao wanawake. Naomba habari tu. Ikiwa mhamasishaji wa afya anaweza kumwambia mama apunguze chumvi kwa ajili ya presha, anaweza pia kumwambia jambo ambalo sayansi imelithibitisha kwa nguvu kuliko karibu ushauri wote mwingine wa chakula anaousikia kuhusu matiti. Kumficha kwa kuchelea ada ni kumwona kama mtu asiyeweza kupima mambo yake mwenyewe.

Unene una maelezo marefu zaidi. Hedhi ikikoma, ovari huacha kutoa estrojeni, na kazi hiyo huchukuliwa na mafuta ya mwili. Mafuta yakiwa mengi, homoni nayo huwa nyingi, na homoni hiyo ndiyo inayochochea saratani nyingi za matiti kukua. Kabla ya hedhi kukoma, unene hauonekani kuongeza hatari hiyo. Hili lina maana kubwa kwetu, kwa sababu Kenya ni nchi ya vijana na sehemu kubwa ya wagonjwa wetu hugunduliwa kabla ya miaka 50. Mahubiri ya kupunguza mwili hayawagusi hao kwa upande wa titi, ingawa yana faida kwa moyo na kwa kisukari. Wapo watakaosema kwamba unene si tatizo la Kilifi, kaunti inayojulikana kwa ukame na njaa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi, na huo haukai mijini tu. Pita kando ya barabara ya Malindi hadi Garsen saa za magharibi: viazi karai, bajia na mahamri viko kwenye karai, mafuta ya kupima yanauzwa kwa kikombe dukani, soda ni rahisi kupata kuliko tunda. Kwa shilingi chache mtu hushiba, na mama aliyetoka kibarua cha siku nzima hana kuni wala muda wa kuchambua mchunga. Ukimwambia ale matunda na mboga bila kuuliza zinauzwa wapi, kwa bei gani, na kama kuna maji ya kuziotesha, umemlaumu kwa soko ambalo hakulipanga yeye.

Uchunguzi huo huo wa 2022 uliikuta Kilifi ikiongoza nchi nzima kwa watoto waliodumaa, asilimia 37, wakati wastani wa taifa ni 18. Hapa pana jambo gumu ambalo wanaozungumzia lishe na saratani hulikwepa. Msichana anayekula vizuri huvunja ungo mapema na hukua mrefu, na vyote viwili, hedhi ya mapema na urefu, huendana na ongezeko dogo la hatari ya saratani ya matiti akiwa mtu mzima. Mtu angeweza kusema basi, udumavu ni kinga. Ni kinga ambayo hakuna mzazi angeitaka, kwa sababu mtoto aliyedumaa huilipia kwa akili yake shuleni, kwa afya yake, na akiwa msichana huenda akailipia siku ya kujifungua. Naisema hapa ili ionekane wazi kwamba lishe bora haiwezi kuhukumiwa kwa saratani ya matiti peke yake. Kaunti iwalishe watoto wake shibe kamili, na ikubali kwamba wasichana hao wakifika utu uzima watahitaji kupimwa matiti zaidi kuliko mama zao.

Kunyonyesha ndiyo habari njema, na kwa maoni yangu ndiyo iliyopaswa kutangulia katika kila somo la lishe na matiti. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, juu ya ile asilimia 7 inayopungua kwa kila uzazi. Mwanamke aliyenyonyesha watoto watano, kila mmoja mwaka na nusu, ana miaka saba na nusu ya kunyonyesha. Hesabu hiyo ikishika kwa mpangilio huo, hatari yake imepungua kwa zaidi ya robo. Hakuna mboga wala juisi iliyowahi kuonyesha kinga kama hiyo. Lakini mama huyo huyo akienda kibarua kwenye mashamba ya chumvi mtoto akiwa na miezi mitatu, maziwa yanakatika. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea na ampe mama muda wa kufanya hivyo. Hali ya kazi kwenye viwanda hivi si siri: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya uzalishaji wa chumvi Magarini na kutoa ripoti mwaka 2006. Naomba maafisa wenu wa afya ya umma wakague jambo hili moja, chumba cha kunyonyeshea, katika kila kampuni ya chumvi kutoka Gongoni hadi Kurawa, na kwa vibarua sawasawa na walioajiriwa kudumu.

Mengine niyapite kwa haraka. Chumvi yenyewe haina ushahidi wa kuleta saratani ya matiti. Ikizidi huumiza mishipa ya damu na huhusishwa na saratani ya tumbo. Sukari haina ushahidi wa kuulisha uvimbe moja kwa moja, ila huongeza uzito. Tui la nazi lina mafuta ambayo wagonjwa wa moyo wanapaswa kuyaangalia, lakini sijaona sababu ya kumnyima mwanamke wa Pwani samaki wa nazi kwa kuogopa saratani ya titi. Na kama idara inataka vita dhidi ya saratani inayotoka moja kwa moja kwenye chakula, ianzie ghalani: sumukuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huleta saratani ya ini, na uhusiano huo haubishaniwi.

Nitaambiwa kwamba hata kama ushauri wa chakula umetiwa chumvi, hauna madhara. Aliyeambiwa ale mboga amepoteza nini? Amepoteza mengi. Aliyeamini kwamba chakula ndicho chanzo huamini pia kwamba chakula ndicho dawa, na akigusa kivimbe kisichouma huanza kubadilisha sahani, kunywa majani na kusubiri. Miezi inayopita ndiyo inayotofautisha uvimbe mdogo na titi ambalo ngozi yake imevutika na kuwa kama ganda la chungwa, huku tezi za kwapani zimeshavimba. Mwingine ni mwembamba, hanywi, amenyonyesha watoto wengi, na kwa hiyo haamini kwamba ugonjwa huu unaweza kumfikia yeye. Na yule anayetibiwa, jamaa zake wakimkataza nyama, mayai na sukari kwa nia njema, hupungua mwili hadi dawa zenyewe zimshinde. Juu ya yote hayo kuna lawama: mgonjwa anaulizwa alikuwa akila nini, kana kwamba ameutafuta. Wanawake wengi wanaougua hawana sababu yoyote inayoweza kuonyeshwa kwa kidole, na heshima inataka waambiwe hivyo.

Nguvu kubwa iko wapi, basi? Wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya matiti walifuatiliwa Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini, na baada ya miaka mitatu nusu yao hivi ndio waliokuwa hai. Watafiti walikadiria kwamba kati ya vifo hivyo, asilimia 28 hadi 37 vingeweza kuzuilika kwa kuwagundua wagonjwa mapema zaidi na kuboresha tiba, bila mitambo ya ajabu. Linganisheni na asilimia 7 ya kila gramu 10 za pombe, au ile asilimia 9 ya mafuta. Mjini Mumbai, India, wahudumu wa afya ya msingi waliofunzwa walipima matiti kwa mkono kila miaka miwili, katika utafiti wa wanawake zaidi ya 150,000 uliochukua miaka 20. Saratani ziligunduliwa katika hatua za mapema zaidi, na kwa wanawake wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo vifo havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa, na hilo pia lisemwe wazi. Kwa wadogo hao la muhimu ni kwamba yeyote anayekuja na kivimbe asirudishwe nyumbani kwa panadol na maneno kwamba ni maziwa yameganda. Mjini Shanghai, wanawake wapatao 266,000 waligawanywa katika makundi mawili, na kundi moja likafundishwa kujipima wenyewe. Vifo vyao havikupungua. Bango linalomfundisha mama kujigusa mbele ya kioo, peke yake, halitoshi. Inahitajika mikono ya mhudumu aliyefunzwa, na njia iliyo wazi baada ya hapo.

Najua pingamizi la fedha litakuja, na si pingamizi dogo. Lakini msingi upo tayari. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wana mkoba wenye mizani na vipimo vya presha na sukari, na wanapita nyumba kwa nyumba. Kuwafundisha dalili za titi zinazohitaji zahanati ni kazi ya siku chache. Akina mama wanafika kliniki na watoto wao wachanga kila mwezi. Muuguzi anayempima mtoto uzito anaweza kumpima mama matiti, na amwombe amlete bibi wa mtoto pia, kwa sababu bibi ndiye asiyekuwa na sababu nyingine ya kufika kliniki. Ghali ni hatua inayofuata: kutoa kinyama, kukisomesha maabara, na safari. Kutoka Marereni mgonjwa huenda Malindi, na kutoka Malindi hadi Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, ni takriban kilomita 120 nyingine. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba ugonjwa uthibitishwe ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike kituo cha afya mara ya kwanza. Kupima bila kuitengeneza njia hiyo ni kuwapa wanawake hofu bila msaada, na kama kaunti haiko tayari kwa hatua ya pili, ningependa ianze na zahanati chache inazoweza kuzibeba kuliko kutangaza kampeni ya kaunti nzima.

Ujumbe wa lishe nao uandikwe upya, kwa Kiswahili na Kigiriama, ukurasa mmoja: nyonyesha kadiri unavyoweza, pombe hata kidogo huongeza hatari, angalia mwili wako hasa baada ya hedhi kukoma, na ukiona badiliko lolote kwenye titi nenda zahanati hata kama unakula vizuri. Kwa kuwa karibu tafiti zote nilizozitaja kuhusu chakula zilifanyika mbali na sima yetu, watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, walioko Kilifi tangu 1989 waombwe kuuchunguza ugonjwa huu kwa vyakula na maisha ya huku.

Na idara itangaze kila mwaka, kwa kila kaunti ndogo, ni wanawake wangapi waligunduliwa na saratani ya matiti, walikuwa hatua ya ngapi, na zilipita siku ngapi kutoka zahanati hadi siku ya kwanza ya tiba. Tunaomba hesabu za Magarini ziwe miongoni mwa za kwanza kutolewa.

Wenu,
Mkaazi wa Marereni